Kidole gumba kilichofunga duka la mama

Wiki hii nimekuja na jambo nililokaa nalo moyoni muda mrefu, na kila nikitaka kuliandika naona haya. Leo nimesema liwalo na liwe. Hapa kwenye ukurasa wetu huwa tunacheka ya wenzetu kila wiki, si vibaya mara moja tukayatazama yangu. Ingawa hili, kwa kweli, sijui kama ni la kucheka.

Kwanza niwatoe tongotongo wale mnaodhani nakula kwa kalamu. Thubutu! Kalamu hii hailipi hata umeme wa chumba changu. Mchana mimi ni mtu wa mauzo, yule kijana mnayemwona na shati lenye nembo kifuani, begi mgongoni na viatu vyenye vumbi la mitaa mitatu, anasimama dukani kwa Mangi anauliza, "Mzigo unaendaje?" Nauza sabuni, mafuta ya kula na biskuti. Kampuni siitaji jina, maana mwisho wa mwezi bado naihitaji.

Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi. Una ruti yako, kila siku na mitaa yake. Jumatatu Sinza na Mwenge, Jumanne Manzese, Tandale mpaka Mburahati, Alhamisi Kariakoo, na kadhalika. Unapita duka kwa duka, unaangalia kilichopungua, unachukua oda, gari linashusha kesho yake. Mwenye duka uliyemzoea anapewa mali kauli, yaani anachukua mzigo leo analipa wiki ijayo. Basi.

Nilipoanza mwaka 2011 tulikuwa na makaratasi. Kila duka lina kadi yake, ukifika unaandika tarehe, mwenye duka anasaini. Jamani, tulikula raha! Kulikuwa na kijiwe kimoja pale Sinza, mama anauza chapati na supu ya kongoro babu kubwa, na hapo ndipo maduka mengi ya Dar es Salaam yalipotembelewa. Tunakaa watu watano na kadi zetu, tunasaini wenyewe kwa kalamu za rangi mbalimbali ili sahihi zisifanane. Kulikuwa na mshikaji mmoja alikuwa fundi wa mwandiko wa kina mama, tulikuwa tunamlipa soda. Saa kumi jioni tunajipaka vumbi kidogo kwenye viatu, tunarudi ofisini tumenuna kama watu waliochoka. Bosi anatuhurumia, anasema, "Poleni na jua vijana." Tunaitikia, "Ahsante bosi, leo lilikuwa kali."

Raha haidumu, wajameni. Asubuhi moja ya mwaka 2018 tukaitwa ukumbini, tukapewa soda na simu. Ukiona ofisi inakupa soda asubuhi, jua kuna jambo. Simu ile ilikuwa na programu ndani yake, na yule bwana aliyekuja kuifundisha alikuwa amevaa tai na anatabasamu muda wote, kitu ambacho mimi huwa hakinipi amani.

Programu inafanya kazi hivi. Ukiiwasha asubuhi unakuta orodha ya maduka yako ya siku hiyo, 25, na ramani. Kila duka ni nukta. Nyekundu hujafika, kijani umefika. Kitufe cha "Nimefika" hakiwaki mpaka uwe ndani ya mita 50 kutoka mlangoni. Ukikibonyeza, saa inaanza kuhesabu dakika ulizokaa. Unapiga picha rafu ili ofisini waone sabuni zetu zimepangwa mbele au zimesukumwa nyuma ya za wapinzani. Unahesabu stoku, unaingiza oda, unabonyeza "Nimeondoka." Kama mtandao umekata, simu inahifadhi kila kitu tumboni, ikipata mnara inatapika yote kwa mpigo. Na huko ofisini supavaiza amekaa mbele ya kompyuta anawaona wote mnavyotembea kwenye ramani kama sisimizi.

Na kama mwenye duka hajanunua? Hapo ndipo kuna kitu nataka mkishike vizuri, maana ndicho kilichonimaliza. Simu haikuruhusu kuondoka bila kutoa sababu, na sababu zimeshaandikwa tayari, wewe unachagua tu. "Ana mzigo wa kutosha." "Hana hela." "Bei kubwa." "Mwenye duka hayupo." "Duka limefungwa." Ya mwisho kabisa ni "Mengineyo," na ukichagua hiyo lazima uandike maelezo, na ukiandika maelezo supavaiza anakupigia kuuliza una maana gani. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekuwa anagusa "Mengineyo."

Msidhani vijana tulikubali kirahisi. Wiki ya pili tu mshikaji mmoja alishapata dawa. Alimkabidhi simu dereva wa bodaboda, akamwonesha maduka, akamlipa buku tano, yeye akaenda zake kijiweni kwenye supu. Siku tatu mambo yakaenda murua. Siku ya nne bodaboda akapata abiria wa Bunju. Njaa haina adabu, akampakia na simu ikiwa mfukoni. Supavaiza anampigia mshikaji kwenye simu yake ya kawaida, "Uko wapi?" "Niko Buguruni hapa, bosi, jua kali." Kumbe kwenye ramani nukta yake ndiyo kwanza inapita Tegeta, inakwenda mwendo wa pikipiki! Hayuko nasi tena yule, siku hizi anauza simu Kariakoo, na nasikia mambo yake si haba.

Wengine walijaribu zile programu za kuidanganya simu kwamba uko mahali fulani, nazo zikagundulika. Tukabaki tumenywea.

Mimi mtu wa kupenda kujua, nikauliza ile simu inajuaje niko wapi. Kumbe si mnara peke yake, ni satelaiti za Wamarekani, zile za GPS, zinazozunguka dunia umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Simu inasikia sauti ya satelaiti angalau nne, inapima kila sauti imechukua muda gani kufika, inapiga hesabu, inakuambia, "Uko hapa." Mpaka mwaka 2000 Wamarekani walikuwa wanaipotosha makusudi kwa raia, ukitafuta mlango wa Mangi unaweza kukosea kwa mita 100. Mei mwaka huo Rais Bill Clinton akaamuru upotoshaji uzimwe. Kwa hiyo mkitafuta aliyetufukuza kijiweni Sinza, mmoja wao ni huyo.

Ila msiiamini sana. Pale Kariakoo maghorofa yamebanana, sauti ya satelaiti inagonga ukuta huu na ule kabla ya kufika kwako, simu inachanganyikiwa. Mara ngapi nimesimama Mtaa wa Narung'ombe, ndani ya duka, nimeegemea kaunta, simu inaniambia niko Msimbazi! Ikabidi niwe natoka nje, navuka barabara, nazunguka na simu juu kama mtu anayetafuta chaneli ya televisheni, mpaka kitufe kiwake. Wamachinga walikuwa wananicheka, "Braza, umepoteza nini?"

Nisiwe mchoyo wa sifa, programu ile ina mema yake, tena makubwa. Zamani tulikuwa tunatembea kwa mazoea. Ukiona duka kubwa lina rafu mpaka darini, unaamini huyo ndiye mteja. Simu ikanionesha dirisha moja pale Mburahati, si duka, dirisha tu, kijana anauzia watu kupitia nondo, kila wiki bila kukosa anachukua katoni mbili za sabuni, wakati duka kubwa la jirani linachukua kumi kwa mbwembwe halafu linakaa miezi minne. Ukijumlisha mwaka mzima, dirisha limempiga bao duka. Bila ile hesabu nisingelijua, na yule kijana nilikuwa simpi hata kalenda mwisho wa mwaka. Na yale mabishano ya "ulinipa mzigo unaokaribia kuharibika" yaliisha, maana kila kitu kimeandikwa na tarehe yake.

Hata kwenye njia ilisaidia. Mtaniona natia chumvi, lakini kupanga maduka 10 tu, lipi lianze lipi lifuate, kuna namna 3,628,800. Maduka 25 kama yangu, idadi yake ina tarakimu 26, ukiisoma kwa sauti daladala litakuacha. Wataalamu wa hesabu wana jina kabisa la fumbo hili, wanaliita tatizo la muuzaji msafiri, na mwaka 1954 mabwana watatu wa Marekani, Dantzig, Fulkerson na Johnson, walisifika kwa kupata njia fupi kuliko zote ya kupita miji 49. Simu yangu inanipangia asubuhi nikiwa napiga mswaki. Tatizo ni moja, haijui kwamba uchochoro wa nyuma ya msikiti mvua ikinyesha haupitiki, wala kwamba kuna duka la Manzese ukienda kabla ya saa nne mwenyewe hajaamka vizuri, anakujibu kwa matusi.

Kuhusu kufuatiliwa, kila mtu ana lake. Mwaka 2015 huko California mama mmoja wa mauzo alikwenda mahakamani akidai kafukuzwa kazi kwa sababu aliifuta programu ya namna hii kwenye simu, akisema ilikuwa inamfuata hata akiwa nyumbani kwake mapumzikoni. Sisi huku tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na mtu anayekusanya habari zako anatakiwa akuambie anazitakia nini. Mimi saa kumi na moja jioni nazima. Bosi akitaka kujua nakula ugali na nini, aje na kuku.

Sasa tufike Tandale.

Tandale kuna mama mmoja, jina namhifadhia, duka lake liko kona, lina milango miwili. Mlango wa mbele unatazama barabara ya vumbi, huo ndio wa wateja. Mlango wa ubavuni umepigwa kufuli tangu mumewe akiwa hai, nyuma yake kapanga magunia. Mumewe alifariki, mama akaendelea mwenyewe. Nilimkuta kwenye kadi za karatasi, tena ni mmoja wa wachache ambao sahihi zao zilikuwa za kweli, kwa sababu kwake nilikuwa napenda kwenda. Nikifika namwamkia, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba baba, umekula?" Hiyo ndiyo "Nimefika" yake.

Wateja wake wakubwa ni kina mama wenzake wa maandazi, sambusa na samaki wa kukaanga. Wananunua mafuta ya kula kwa kupimiwa, kidogo kidogo, alfajiri, na wengine kwa daftari. Yeye kwetu anachukua ndoo kwa mali kauli, wanamlipa, anatulipa. Miaka saba sijawahi kumdai mara mbili.

Tabu ya mama ni moja, ana maneno. Hakupi oda mpaka akusimulie. Mjukuu kafaulu, mwenye nyumba kapandisha kodi, jirani kafungua duka mkabala wake na anauza kwa bei ya kutupa. Katikati ya hadithi anamhudumia mtoto aliyetumwa chumvi, anamrudishia chenji, anasahau alipoishia, anaanza upya. Zamani sikuona shida. Lakini jamani, pigeni hesabu na nyie. Maduka 25 kwa saa nane ni dakika 19 na kidogo kwa kila duka, humo humo na kutembea, kuvuka barabara na kupiga picha rafu. Kwa mama nilikuwa nakaa dakika 40. Ikifika jioni nukta zangu nne bado nyekundu, supavaiza ananitumia ujumbe, "Kaka vipi, mbona unapoa?" Na kamisheni inakatwa, maana usipofikisha maduka 9 kati ya kila 10 ya mwezi mzima, hata uuze meli nzima, hupati kitu.

Jumanne moja nilichelewa. Morogoro Road ilikuwa imefunga, nimefika Tandale saa tisa na maduka 11 mbele yangu. Niko nyuma ya bodaboda, naliona duka la mama, naona kina mama wanne wamesimama kaunta, nikajua hapa saa nzima imekwenda. Nikamwambia dereva simama kidogo. Niko upande wa ubavuni, mlango wenye kufuli huo hapo mbele yangu. Nikabonyeza "Nimefika." Nikachagua "Duka limefungwa." Simu ikataka picha ya ushahidi. Nikapiga picha kufuli.

Sekunde 20. Nukta ikawa kijani, nzuri kweli.

Nilijiambia wiki ijayo nitakaa naye vizuri. Wiki iliyofuata nilichelewa tena, na kidole gumba kilishajua njia. Wiki ya tatu, naomba mnisamehe, sikuwa nimechelewa. Nilikuwa nimechoka tu, na sikuwa na hamu ya habari za mwenye nyumba.

Kitu ambacho sikukijua, au nilikisikia siku ile ya soda nikakisahau, ni kwamba kompyuta ina sheria yake. Duka likikutwa limefungwa mara tatu mfululizo, na picha zipo, linahesabiwa limekufa. Linatolewa kwenye ruti. Mali kauli yake inafungwa ili kampuni isije ikapoteza hela. Hakuna mtu anayeamua, hakuna anayepiga simu kuuliza. Jumanne ya nne asubuhi nikafungua orodha, duka la mama halimo, limewekwa jingine la kule Kwa Mtogole. Nitawaambia ukweli ulivyo: nilifurahi. Nikaona afadhali, ruti imekuwa nyepesi.

Hiyo ilikuwa wiki mbili kabla ya Mwezi Mtukufu. Wakazi wa uswahilini mnajua maana yake. Ramadhani ndio mavuno ya mafuta ya kula. Sambusa, kalimati, maandazi, bagia, kila uchochoro una karai. Mama huwa anachukua ndoo 20 kwa mpigo, na hiyo ndiyo hela yake ya kodi ya miezi sita.

Akapiga simu ofisini kuagiza. Dada wa mapokezi akatazama kompyuta, akamjibu kwa adabu zote, "Samahani mama, duka lako huonekani kuwepo." Akampigia mtu wa gari, akaambiwa bila oda kwenye mashine gari halishushi. Ndipo akanipigia mimi. Nilikuwa Mwenge, nimesimama kwenye kivuli nakunywa maji.

"Baba," akasema, "hivi nimefanya nini?"

Hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Angenitukana ningepata pa kujitetea. Akaendelea, "Wananiambia duka langu limefungwa. Mimi niko ndani humu tangu alfajiri. Kama kuna deni nimesahau niambie nilipe, lakini msinifungie mwezi huu." Nikadanganya tena. Nikamwambia mtandao una matatizo, nitafuatilia.

Nikaenda kwa supavaiza nikiwa na wazo la kutengeneza mambo kimya kimya. Nikamwambia, "Kaka, lile duka la Tandale limefunguliwa tena." Akacheka, akasema safi, lisajili upya. Kulisajili upya maana yake ni mteja mpya. Leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi, picha ya mwenye duka, picha ya duka. Na mteja mpya haruhusiwi mali kauli mpaka miezi mitatu ya kulipa taslimu. Miaka saba ya uaminifu ilikuwa imekwenda kwenye kapu la maduka yaliyokufa, na kompyuta ilikuwa inamwona yule mama kama mtu aliyehamia mjini jana.

Njia ya kuirudisha ilikuwa moja tu, mtu aseme kwamba zile taarifa tatu zilikuwa za uongo. Na mtu huyo ni mmoja duniani. Sikulala usiku ule. Nilikuwa na mtoto anaanza shule, na yule mshikaji wa Bunju alifukuzwa kwa kosa ambalo ukilitazama vizuri ni dogo kuliko langu, yeye angalau simu yake ilikuwa inapita madukani.

Asubuhi nikaingia kwa bosi mkubwa, nikasimama, nikasema. Akafungua zile picha tatu kwenye kompyuta akaziweka pamoja. Kufuli, kufuli, kufuli. Kwenye ya tatu, pembeni kabisa, unaona kona ya kaunta ya mlango wa mbele, na mkono wa mtu unapokea mfuko wa chumvi. Bosi akauzoom ule mkono, akaniangalia muda mrefu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikapewa barua ya onyo na kamisheni ya mwezi ikaliwa yote. Sikufukuzwa, na sababu aliyoitoa bosi sikuipenda, alisema nukta zangu za mwaka ni nzuri. Lakini kufungua akaunti ya zamani kulihitaji kibali cha watu wawili na yule bwana wa tai kutoka kwenye kampuni ya programu, na kote huko ikachukua siku tisa. Siku tisa kabla ya Ramadhani ni kama mwaka. Nikatoa akiba yangu, nikanunua ndoo tatu taslimu kwa jina langu, nikampelekea na bajaji. Ndoo tatu badala ya 20. Zikaisha siku mbili, na kina mama wa sambusa wakavuka barabara kwenda kwa yule jirani wa bei ya kutupa. Akaunti ilipofunguka wengine walirudi. Wengine hawakurudi mpaka leo, wameshazoea kule, na siwezi kuwalaumu.

Mama alinirudishia hela ya zile ndoo tatu baada ya Idi, mpaka shilingi ya mwisho, amezifunga kwenye kitambaa. Siku hiyo nikamwambia ukweli wote, na kufuli, na bodaboda, na ile wiki ya tatu. Alikuwa anapima sukari. Akamaliza kupima, akafunga mfuko, akampa mtoto, akamhesabia chenji. Halafu akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa unapita hapo nje, unaniona?"

Nikasema ndiyo mama, nilikuwa nakuona.

"Haya," akasema. Hakuniuliza kama nimekula.

Tangu hapo yamepita mengi. Kwenye simu yangu siku hizi natumia sana "Mengineyo." Naandika: mwenye duka anauguza. Naandika: barabara imechimbwa, wateja hawapiti, mpeni wiki mbili. Naandika: huyu msimpe mzigo mwingi, anaona aibu kukataa. Mwanzoni supavaiza alikuwa ananipigia kila mara, "Kaka, hii ni ripoti au ndio yale makala yako ya gazetini?" Sasa amechoka, anasoma tu, na mara mbili nimemkuta amempigia mwenye duka yeye mwenyewe. Jioni nukta mbili tatu zinabaki nyekundu, tunagombana, maisha yanakwenda.

Na kila Jumanne nikiwa Tandale, kabla sijabonyeza "Nimeondoka," mama ananyoosha mkono juu ya kaunta. Nampa simu. Yeye haoni vizuri bila miwani, anamwita mjukuu aliyekaa kwenye kreti nyuma anafanya kazi za shule. Mtoto anasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, duka zima linasikia: "Bibi, kaandika amefika saa tano na dakika kumi. Kaandika ndoo nne, na katoni moja ya sabuni."

"Na kufungwa hajaandika?"

"Hajaandika, bibi."

Mama ananirudishia simu yangu. "Haya, nenda usichelewe."